Ukiizima, Haiwaki

Wiki nzima mmenisimamisha barabarani. Hata kanisani, sadaka ikiwa inapita, mtu ananivuta koti: "Ebu niambie, yule mama alipona ama treni ilimpitia?" Haya, tulieni. Leo nasema, na mtu asinilaumu akimaliza kusoma.

Tuliwaacha watu wawili juu ya reli. Gari jekundu la milango miwili limezima katikati ya njia ya treni, pale unapokaribia mji wa Eldoret ukitoka Cheptiret. Kwenye usukani ni Joash Otiende, karani wa kiwanda, kijana wa kupiga pasi mpaka soksi. Kando yake ni mama mkwe wake, Mama Maximilla, mtu mzima, mtu wa kanisa, nguo ya kitenge na kitambaa kichwani.

Katikati yao kuna kapu lenye kuku.

Kapu hilo halikuwekwa hapo kwa bahati. Kwa Wajaluo, na hata aliyezaliwa mjini analijua hili, mwanaume na mama mkwe wake hawagusani. Hawapeani mkono, hawaketi kiti kimoja, hawakaziani macho. Tangu Joash amwoe Seline, mama huyu hakuwahi kulitamka jina la mwanaume huyu hata siku moja. Alimwita "mkwe," basi, yakaishia hapo.

Sasa mtu kama huyo umweke bega kwa bega na mkwewe ndani ya gari lenye siti mbili! Mama alikataa. Alikuwa kwa mwanawe, mwalimu wa shule pale Cheptiret, na nauli ya basi alikuwa nayo. Ni Joash aliyeng'ang'ana. "Mama, mimi niko na gari yangu, halafu wewe upande basi? Watu watasemaje?" Alitaka Cheptiret yote itoke nje imtazame, na ilitoka.

Na safari yenyewe haikuwa ya matembezi. Seline alikuwa hospitali mjini, wodi ya wazazi, uchungu umemshika tangu alfajiri. Ilikuwa mimba yake ya tatu. Zile mbili ziliharibika. Neno lake lilikuwa moja tu: nileteeni mama.

Haya. Treni ikapiga honi.

"Mkwe, washa gari," alisema Mama Maximilla kwa adabu zake zote.

"Nawasha, Mama."

Krr. Krr. Krrr. Kimya.

Unajua gari lilizimaje? Joash alitaka kupunguza gia kabla ya kuvuka reli. Kijiti cha gia kiko pale pale kwenye kapu. Mkono wake ukaanza kugusa goti la mama mkwe, akaurudisha mbio, akaachia klachi, gari likaruka mara moja na kufa. Adabu ndiyo iliyolizima, na ndiyo mara ya mwisho leo mtamwona Joash na adabu.

Yule broka aliyemuuzia, Johnstone, alimwambia wazi. "Jo, hii gari ilikimbia Safari Rally. Injini ni simba. Shida ni moja tu, usiizime. Ikiwa na moto ukiizima, haiwaki mpaka isukumwe." Joash akacheka, akadhani ni mzaha wa kibiashara. Kumbe lilikuwa neno la kweli la pekee ambalo Johnstone alimwambia mteja mwaka ule. Wiki ya kwanza tu, watoto wa mtaani wakawa wameshalipa gari jina: Nisukume.

Honi tena. Sasa kichwa cha treni kilionekana kwenye kona, cheusi, kikitoa moshi, nyuma yake mabehewa ya mizigo hata huoni mwisho.

"Mama, toka! Toka nje!"

"Mlango haufunguki, mkwe."

Ni kweli. Mlango wa abiria ulikuwa unafunguliwa kutoka nje peke yake. Ilikuwa moja ya zile shida ndogo ndogo ambazo Joash alikuwa amepanga kuzishughulikia mwezi ukiisha.

"Pitia huku kwangu! Nipe mkono nikuvute!"

"Usiniguse!"

"Mama, treni!"

"Nimesema usiniguse, mkwe! Zunguka unifungulie!"

Hakuzunguka. Alinyoosha mkono juu ya kapu, akamkamata mama wa watu begani na kuvuta kwa nguvu. Kitenge kikachanika kuanzia bega mpaka kiunoni. Mama Maximilla akabaki na shimizi yake nyeupe mbele ya mkwewe, na akapiga yowe ambalo halikuwa la treni. Lilikuwa la aibu.

Joash aliona. Alifumba macho, lakini alikuwa ameshaona.

Halafu treni ikapiga honi mara ya tatu, na hapa ndipo mimi mwenyewe namchukia kijana huyu. Alifungua mlango wake akaruka. Angezunguka tu gari afungue ule mlango mwingine, ni gari dogo, si nyumba. Hakuzunguka. Alikimbia mpaka kwenye majani marefu kando ya reli, akalala kifudifudi na kufunika kichwa kwa mikono miwili, mama mkwe wake akiwa bado amefungiwa ndani na kuku.

Waliomwokoa mama yule walikuwa wauza viazi.

"Wanawake!" Sauti hiyo ilikuwa ya Njambi, mwenye meza kubwa pale kando ya barabara. "Wacheni kila kitu! Kuna mtu ndani! Sukumeni!"

Wakatupa madebe, wakapandisha sketi, wakashuka kwenye reli wakikimbia. Wote wakaegemea buti la gari, wakasukuma huku wakimwita Yesu. Gari likasonga, likakwama kwenye chuma, likasonga tena. Na kwa kuwa Joash aliruka akaacha gia imeingia na ufunguo umewashwa, Nisukume akafanya kile anachofanyaga siku zote akisukumwa.

Aliwaka.

Ngrrrm! Gari likaruka kutoka relini bila dereva, likateremka na Mama Maximilla peke yake, mikono kwenye dashibodi, kuku akipiga kelele ndani ya kapu. Likavuka barabara, likaingia kwenye magunia ya viazi ya Njambi, likazima. Nyuma yake treni ikapita kwa kishindo, dereva ametoa nusu ya mwili dirishani akitukana kwa lugha ya kwao.

Watu walikuja kutoka kila upande. Njambi ndiye aliyefungua ule mlango, kwa kidole kimoja, kutoka nje. Akaona hali ya mama, akafungua leso yake kiunoni na kumfunika kabla wanaume hawajafika.

Joash akainuka kwenye majani, akajipangusa magoti.

"Ni wewe mwenye hii gari?" Njambi alimuuliza.

"Ndiyo."

"Na ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naenda kuita watu wasaidie."

"Kwa majani? Ulikuwa unaita panya?"

Watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Mmoja akalala chini na kufunika kichwa, akaonyesha vile Joash alivyolala. Mwingine akamwita Safari Champion. Joash alisimama pale na suruali yake ya pasi, akatamani treni irudi.

Lakini kicheko kilikatika ghafla, kwa sababu alikuja Gerishon.

Gerishon alikuwa yuthi winga, kijana wa chama tawala. Shati jekundu, beji ya chama kifuani, rungu fupi mkononi. Miaka ile mtu wa namna hiyo akikohoa sokoni, hata wenye leseni walitafuta pa kujificha.

"Nani amezuia treni ya Serikali?"

Macho yote yalimgeukia Joash.

"Ni wewe? Unajua hiyo inaitwa nini? Hiyo inaitwa kuhujumu uchumi. Nani amekutuma?"

"Hapana, Bwana, gari ndiyo imezima..."

"Imezima juu ya reli tu? Barabara yote hii, ikachagua reli? Na mama wa watu unamfungia ndani unaruka? Wewe twende kituoni. Utaeleza huko."

Joash alirudi nyuma hatua moja. Alijua watu walioenda kueleza huko na hawakumaliza kueleza.

Ndipo Mama Maximilla akapita katikati ya watu, leso ya Njambi imefungwa mpaka shingoni.

"Mwanangu," alimwambia Gerishon, "huyu ni mkwe wangu. Aliruka aje anifungulie mlango. Alianguka tu. Gari ndiyo mbaya, yeye si mbaya."

Watu wakatazamana. Njambi alifungua mdomo, mama akamtazama, akaufunga.

Gerishon alifikiri kidogo. Kisha macho yake yakashuka kwenye kapu ndani ya gari.

"Na hiyo kuku?"

"Ni ya mtoto wangu. Anajifungua leo. Ni ya supu."

"Atakunywa chai," alisema Gerishon, na akabeba kuku na kapu lake.

Gari likasukumwa, likawaka. Mama Maximilla akaketi mahali pake, uso dirishani. Safari hii hakukuwa na kitu katikati yao. Joash aliendesha mkono mmoja, ule wa gia akiubana kwenye paja lake, na hakubadilisha gia mpaka injini ilipolia kama mtu anayenyongwa.

Alitaka kushukuru. Alitafuta neno, akalipata.

"Mama, asante kwa vile umenisaidia pale."

"Pale nilikuficha kwa watu," alisema mama, bado anatazama nje. "Mbele ya mtoto wangu sikufichi."

"Unamaanisha nini, Mama?"

"Mkwe, umeniona."

Joash alikaza macho barabarani.

"Mimi nimeokoka, lakini sikuzaliwa kanisani. Nimezaliwa kwa watu, na najua laana ya chira ni nini. Mwiko kama huu ukivunjwa, na watu wanyamaze nao, unatafuta mtoto. Nikiingia kule nitamshika mjukuu wangu kwa hii mikono. Seline amepoteza wawili. Wa tatu sitamletea kifo mimi."

"Sasa tutafanya nini? Tutafute dawa?"

"Dawa baadaye. Kwanza useme. Uingie kwa mke wako umwambie kwa mdomo wako: nimemwona mama yako, na nilimwacha kwa reli. Hayo tu. Likisemwa kwa mwenyewe, limetoka. Halafu mimi naingia."

"Mama, Seline ataniacha."

"Pengine."

Alisema hivyo kwa upole, na upole wenyewe ndio uliomchoma Joash. Angetukanwa, angejitetea. Lakini mama mkwe hamtukani mkwe, na huyu hakuwa na nia ya kuanza leo.

Mnakumbuka siku ile gari lilipoletwa nyumbani? Seline, tumbo ndiyo limeanza kuonekana, alilizunguka mara moja akauliza mtoto ataketi wapi. Joash akasema kwa mapaja. Seline akamwambia, "Sawa. Lakini siku hii gari itaumiza mtu wangu, utachagua moja, mimi ama hiyo." Joash alicheka siku ile. Sasa hakuwa anacheka.

Hospitalini aliliegesha karibu na dirisha la wodi, injini ikinguruma, kama kawaida yake. Huwa anaacha inanguruma hata akiwa ibadani. Soja wa geti akaja na fimbo.

"Zima hiyo kitu. Hapa ni wagonjwa."

"Mzee, nikiizima..."

"Zima!"

Akaizima.

Mlangoni mwa wodi alisimama Sista Jepkosgei, mwanamke mrefu, mikono ameikunja, hajalala tangu jana.

"Ni nani bwana ya Seline? Ni wewe? Umetembea wapi na huyu mtoto amelala kombo? Hatatoka kwa njia ya kawaida. Daktari yuko tayari saa hii kumpasua, lakini bibi yako ameshika kitanda, anakataa kwenda thieta mpaka aone mama yake. Anasema dada yake mkubwa aliingia thieta bila kumuaga mama na akatoka amefunikwa shuka."

"Ni kweli," Mama Maximilla alisema taratibu. "Huyo alikuwa mtoto wangu."

"Wewe ndiye mama? Asante Mungu! Ingia haraka."

Mama hakusogea. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini miguu ilikataa.

"Aingie yeye kwanza, Sista. Ana neno moja la kumwambia. Akimaliza, mimi naingia hapo hapo."

"Mama, hakuna wakati ya maneno!"

"Ni neno fupi."

Sista alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akaona hapa kuna jambo la wenyewe. Akamsukuma Joash mgongoni. "Kimbia. Sema na utoke."

Seline alikuwa kitanda cha mwisho, nyuma ya pazia la kijani. Nywele zimelowa jasho, midomo imepasuka. Alipomwona mumewe, alijaribu kuinua kichwa.

"Joash. Mama amekuja?"

Maneno yalikuwa yamekaa tayari kwenye ulimi. Nimemwona mama yako. Nilimwacha kwa reli. Mtoto wa nasari angeyasema. Joash alivuta pumzi, akafungua mdomo.

Lakini Seline akawahi. "Mmekuja na basi, sivyo? Niambie hukumweka mama yangu kwa hiyo gari."

Joash akatazama vidole vya miguu ya mkewe, vilivyovimba, vilivyotokeza kwenye blanketi. Akasikia kile kicheko cha wauza viazi. Akajiona amelala kwenye majani. Akaona sura ya Seline itakavyokuwa akishajua.

"Hakuja," alisema.

"Unasemaje?"

"Amekataa. Nimembembeleza, Seline, nimepiga magoti. Amesema hawezi kukaa gari moja na mkwe. Amesema mwiko ni mwiko."

Jamani. Mama alikuwa nyuma ya ukuta ule ule.

Seline hakulia. Alimtazama muda kidogo, kama anayejaribu kusoma kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo, halafu akageuza uso akatazama ukuta. Mkono wake uliokuwa umeshika chuma cha kitanda ukaachia.

"Mwambie Sista siendi mahali," alisema. "Waniache tu hapa."

"Usiseme hivyo. Mimi naenda tena Cheptiret saa hii. Nitamleta."

"Utamleta na nini?"

Joash aligeuka. Alitoka nyuma ya pazia akiwa amelowa kwapa. Wacha niwaambie alichokuwa anafikiri, kwa maana huwa anafikiri pia. Alifikiri: nikimwambia huyu mama nimesema, ataingia, Seline atamwona, ataenda thieta, mtoto atatoka. Kila mtu atafurahi. Mimi nitakuwa mbali kidogo. Nitarudi jioni watu wakiwa wamepoa. Kwa akili yake huo ulikuwa mpango.

Mama Maximilla aliinuka kwenye benchi.

"Umesema?"

"Nimesema."

"Yote?"

"Yote, Mama."

"Na ya reli?"

"Na ya reli."

"Akasemaje?"

"Amenisamehe."

Mama wa watu aliziba mdomo kwa leso. Mabega yakatikisika. Alipoondoa leso, uso wake ulikuwa umefunguka, na kwa mara ya kwanza tangu harusi alimtazama Joash machoni.

"Mungu akubariki," alisema. "Nilidhani utashindwa. Nilikuwa nakuhukumu moyoni njia yote, nisamehe na mimi. Kuanzia leo wewe si mkwe peke yake. Wewe ni mtoto wangu."

Joash alisema asante.

"Sista, nipe maji ninawe," mama alisema. "Nataka nimshike na mikono safi."

Sista Jepkosgei akamwonyesha bomba huku akipiga ulimi kwa haraka. Mama akanawa mpaka viwiko, macho yamefumbwa, midomo ikisali. Na wakati anasali, yule aliyebarikiwa alikuwa ameshafika nje.

Akaingia kwenye gari, akapiga stata.

Krr. Krr.

Akapiga kiti ngumi. Krr. Krr. Krrr. Sauti hiyo ilipanda ukutani moja kwa moja mpaka kwenye dirisha lililo wazi. Seline aliifahamu vizuri. Ndiyo iliyokuwa ikimwamsha kila asubuhi kabla ya kwenda kusukuma, na tumbo lake, mpaka mwezi wa saba. Mnadhani mimba ile ilichokea wapi?

Mvua ilianza kudondoka. Kwenye varanda walikuwa watu waliokuja kuona wagonjwa, wana thamosi na ndizi, wanangoja saa ya kuingia. Joash akatoa kichwa nje.

"Ndugu zangu, nisukumeni!"

"Unaenda wapi na bibi yako yuko ndani?" aliuliza yule soja.

Hapo angeweza kusema lolote. Angesema anaenda kazini, wasingesukuma. Alitafuta neno zito, akalipata upesi kuliko yale mawili aliyotumwa.

"Damu! Bibi yangu anataka damu! Naenda kuleta damu!"

Loo! Watu waliposikia damu, thamosi zilitupwa. Wanaume, wanawake, mzee mmoja mwenye bandeji ya jicho, hata soja aliacha fimbo yake. Walisukuma kwa moyo wote, viatu vikiteleza kwenye matope, huku wakihimizana. "Sukuma, ni maisha ya mtu! Sukuma, ni mama wa watoto!" Joash akaweka gia ya pili, akangoja, akaachia klachi.

Ngrrrm.

Liliwaka. Wote wakashangilia.

Alikuwa ameshaanza kuelekea getini alipoinua macho kwenye kioo cha nyuma. Kwenye varanda alitokea Mama Maximilla, anakimbia. Leso ya Njambi imeanguka njiani, kitenge kilichochanika kinaning'inia, shimizi nyeupe iko nje mbele ya umati mzima na hajali. Nyuma yake Sista Jepkosgei anakimbia pia, aproni yake ikiwa nyekundu kwa mbele.

Mama akaweka mikono yote miwili kichwani.

Hakuna mtu wa pande zetu asiyejua mwanamke akiweka mikono kichwani hivyo amekutana na msiba.

"Joash!"

Alilisikia. Jina lake, kwa mdomo ule.

"Simama, Joash! Joash, simama! Anakuita!"

Ama alisema "anakuita," ama alisema "anakufa." Mvua ilikuwa imeongeza, injini ikinguruma, Joash hakuwa na hakika. Kujua kungetaka kitu kimoja tu, asimamishe gari ashushe kioo. Mguu wake ulikwenda kwenye breki wenyewe. Pale getini kuna tuta, gari likapunguza mwendo, injini ikakohoa mara moja, ikakohoa mara ya pili.

Usiizime, Jo. Ukiizima, haiwaki.

Nyuma, watu waliomsukuma walikuwa bado kwenye mvua, wamechafuka mpaka magotini, wakimpungia mikono na kumwombea afike na ile damu mapema.

Joash akakanyaga mafuta.